Kujifunza sistem dizaini na bekendi mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mara kwa sura tofauti kwaiyo nimeyaweka sehemu moja. Bekendi ni upande wa seva na data ambao mtumiaji hauoni, na sistem dizaini ni kupanga sehemu za mfumo zishirikiane vipi. Utaona naegemea upande flani, kwamba databesi (hifadhi ya data) na namna mifumo inavyofeli vije kwanza, alafu maboksi na mishale ya kwenye michoro baadae. Wapo wanaofundisha kinyume na hapo, sawa, ila ukisoma majibu ya chini utaelewa kwa nini mi siko upande wao.

Nianzie wapi? Material ni mengi mno mpaka nachanganyikiwa

Ndo tatizo lenyewe hilo. Material yapo ya kumwaga, mazuri tena bure, ila watu wanakusanya tu. Mtu ana playlist kibao amezisevu, kozi za kulipia alizonunua wakati wa ofa, PDF hajazifungua ata moja, alafu anarudi kuuliza tena ipi ni bora zaidi. Mchagua nazi hupata koroma. Chukua vitu vitatu: kozi moja ndefu, projekti moja ya kwako ya kuiharibu-haribu, na sehemu moja ya kusoma visa vya kweli vya mifumo mikubwa kuanguka. Hivyo vitatu vinakutosha miezi kadhaa bila kutafuta kingine.

Roadmap.sh wana ramani ya bekendi, ifungue uone nini kipo duniani, ila usiigeuze orodha ya kutiki. Mle kuna vitu ambavyo developa mzoefu kabisa hajawahi kuvigusa na kazi anafanya vizuri tu.

Sistem dizaini na software architecture ni kitu kimoja?

Vinakaribiana. Wengi wakisema sistem dizaini wanamaanisha seva, databesi, kache (hifadhi ya muda ya kujibu haraka), foleni (kazi zinazosubiri zamu), na data inapitaje katikati watumiaji wakishakua wengi. Usanifu wa software unaingia mpaka ndani ya kodi (maandishi ya programu) yenyewe, moduli ipi inaijua ipi, nani anaruhusiwa kumuita nani, kipi kitakua rahisi kubadilisha mwakani. Usipoteze usiku mzima kubishana mpaka uko wapi.

Lazima nijue lugha gani kwanza?

Yoyote unayoweza kuandikia API (mlango ambao programu nyingine zinatumia kuongea na seva yako) inayosoma na kuandika kwenye databesi bila kunakili kila mstari. Ukitaka kufanya lab (mazoezi) za chuo cha MIT utahitaji Go, za chuo cha CMU utahitaji C++, lakini hayo ya mbele. Kama bado unahangaika na lupu na fankshen, subiri kwanza, sistem dizaini haikimbii.

Kama nina nafasi ya kozi moja tu, tena ya bure, nichukue ipi?

Inategemea umesimama wapi, ngoja niseme moja moja.

Mhadhara wa Martin Kleppmann wa mifumo tawanyifu (kompyuta nyingi zinazofanya kazi kama mfumo mmoja), aliofundisha Cambridge, uko YouTube, masomo 8 yaliyokatwa vipande vipande, na noti zake za PDF zipo bure pia. Huo ndo ningemuanzishia mtu yeyote ambae ameshafanya kazi kidogo na bekendi. Hana mbwembwe, anaongea taratibu, anaanzia kwenye swali dogo tu: umetuma ujumbe hujajibiwa, je ujumbe umepotea njiani, au umefika ila jibu ndo limepotea, au mwenzio amekufa, au yupo hai ila kachelewa? Kwa upande wako wewe uliyetuma yote manne yanafanana, huwezi kuyatofautisha. Ukishaingiza hilo kichwani nusu ya sistem dizaini inaanza kueleweka yenyewe, maana taimauti (mwisho wa kusubiri jibu), kurudia ombi, kiongozi wa klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja), vyote vipo kwa sababu ya swali hilo.

Kozi ya databesi ya CMU ya Andy Pavlo, inaitwa 15-445, nayo video zote ziko YouTube. Hii ni kwa anaetaka kujua databesi inafanya nini ndani, kurasa zinawekwaje kwenye diski, indeksi (orodha ya kutafutia data haraka) ya B+ tree inajengwaje, miamala (mabadiliko yanayoingia yote kwa pamoja au yasiingie kabisa) miwili ikigombania mstari mmoja nani anasubiri. Jamaa ni mcheshi na ana maneno makali, kwaiyo hulali. Projekti zao zinaitwa BusTub na ata asiyesoma CMU anaweza kuzifanya na kuzipima.

Alafu kuna MIT, zamani iliitwa 6.824 siku hizi 6.5840, video za 2020 za Robert Morris zipo zote. Hii ni ngumu, nakwambia mapema. Lab ya kwanza unaandika MapReduce (njia ya kugawia kompyuta nyingi kazi kubwa ya data), zinazofuata unaandika Raft (kanuni za seva kadhaa kukubaliana), na testi zao zinakata mtandao makusudi katikati ya kazi, kwaiyo kodi inayopita mara tisa inafeli ya kumi. Ndo raha yake lakini, ndo ugumu wake pia. Usianze nayo.

Kile kitabu cha Kleppmann kila mtu anakitaja, ni lazima?

Designing Data-Intensive Applications, toleo la kwanza 2017. Kwa maoni yangu ndo kitabu kimoja ambacho sifa zake zinalingana na kilichomo. Ila watu wanakisoma kama riwaya, sura ya kwanza mpaka ya mwisho, wanakwama kwenye sura za kati wanakiacha. Soma sura ya replikesheni (kuweka nakala za data kwenye seva zaidi ya moja) na ya miamala kwanza, hizo utazitumia kesho yake kazini. Nyingine utarudi ukizihitaji.

Video fupi za YouTube zinatosha?

Kwa kuamsha hamu, ndio. ByteByteGo wana michoro mizuri sana na unapata picha ya haraka, Hussein Nasser anachimba zaidi upande wa itifaki na mtandao, TCP, HTTP, proksi, na anapenda kufungua kitu mpaka ndani. Shida ya video ya dakika kumi ni kwamba inakuonyesha mfumo siku ukiwa mzima tu. Boksi la kache lipo, mshale unaenda kwenye databesi, kila mtu ametabasamu. Hakuna anaekuuliza kache ikizimika ghafla saa ya watu wengi, maombi yote yakaishukia databesi kwa mpigo, inakuaje. Ukimaliza video simamisha, toa boksi moja kwenye mchoro wao, jiulize nini kinatokea. Ukishindwa kujibu basi umeangalia tu, hujajifunza bado.

Mnasisitiza sana databesi, kwa nini?

Kwa sababu seva za API ukizihitaji nyingi unaongeza, zote zinafanana, hazikumbuki kitu. Data ndo haigawanyiki kirahisi, na mifumo mingi inayolalamikiwa kua imezidiwa ukiifungua unakuta kweri (ombi la kutafuta data) moja haina indeksi, wala haikua suala la kuongeza seva.

Fanya jaribio hili, ni la jioni moja. Weka PostgreSQL, tengeneza jedwali la oda, lijaze mistari milioni 5 kwa generate_series, kila oda na mteja wake na tarehe yake. Tafuta oda za mteja mmoja, tanguliza EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha databesi imetafutaje. Utaona imeandika Seq Scan, yaani imepitia jedwali zima. Sasa weka indeksi kwenye mteja na tarehe kwa mpangilio huo, rudia, maandishi yatabadilika na muda utaporomoka. Alafu tafuta kwa tarehe peke yake bila mteja, uone indeksi ile ile inavyokua haina msaada wa maana. Ukishaona kwa macho yako kwamba mpangilio wa safu kwenye indeksi una maana, hutasahau tena. Tovuti ya Use The Index, Luke ya Markus Winand inaeleza haya yote bure kabisa na ni maandishi matupu, inafunguka ata kwenye simu yenye mtandao wa kusuasua.

Nifanye projekti gani? Nimechoka na todo app

Watu wengi watakwambia kifupisha linki, na sio mbaya. Mi napendekeza pochi ya malipo, ndogo tu, akaunti mbili na uhamisho kati yake, maana hela haikubali uzembe na makosa yanaonekana papo hapo.

Andika API ya kuhamisha. Ifanye kazi. Alafu anza kuiharibu: baada ya kuandika kwenye databesi na kabla ya kurudisha jibu, ilaze seva sekunde 3, upande wa mteja weka taimauti ya sekunde 2 na umruhusu arudie ombi. Angalia jedwali. Uhamisho umeingia mara mbili, na seva haina kosa lolote kwenye logi, kila kitu kinasema sawa. Hapo ndo utaelewa kwa nini mteja anatakiwa atengeneze ufunguo wa kipekee wa ombi kabla ya kutuma, kila akirudia anatuma ufunguo ule ule, na kwenye databesi safu hiyo inawekewa UNIQUE (marufuku kujirudia) ili ya pili igome, na wewe badala ya kurudisha eror unarudisha jibu la kwanza ulilohifadhi. Angalizo, kuangalia kwanza kwa SELECT kama ufunguo upo alafu ndo uandike hakutoshi, maombi mawili yakija pamoja yote yataona haupo. Muachie databesi ndo aamue. Na ufunguo uandikwe ndani ya muamala ule ule unaohamisha hela, la sivyo umehamisha tatizo tu.

Ukimaliza hapo ongeza foleni ya kutuma meseji kwa mteja, alafu iue seva katikati, hela imeshahama ila ujumbe haujaingia kwenye foleni. Utafanyaje? Tafuta maelezo ya transactional outbox, usiyasome kabla hujajaribu kutatua mwenyewe. Projekti moja hii, ukiichimba hivi, itakuweka mbali kuliko klon kumi za programu maarufu.

Nina usaili karibuni, sina muda wa kozi ndefu

Basi chukua System Design Primer iko GitHub, bure, ina mada zote za kawaida na maswali ya mazoezi. Pitia maswali machache kwa sauti, na mtu akikusikiliza ni bora zaidi, maana kwenye usaili wanasikiliza unavyofikiri.

Hesabu za haraka ndo zinawaangusha wengi, na ni nyepesi sana. Siku ina sekunde 86,400. Ukiambiwa maombi milioni 1 kwa siku, gawanya, ni kama 12 kwa sekunde. Kumi na mbili! Weka kilele ata mara kumi ni 120, seva moja ya kawaida inabeba bila jasho. Lakini mtu akisikia milioni anakimbilia Kafka (mfumo wa kupitisha ujumbe mwingi) na klasta na kugawanya databesi vipande. Tuseme ni kifupisha linki, linki mpya milioni 1 kwa siku, kila moja baiti 500, hiyo ni MB 500 kwa siku, GB 180 na ushee kwa mwaka. Inakaa kwenye diski moja. Msaili akiona umefanya hesabu hiyo kabla ya kuchora boksi lolote anakaa vizuri kwenye kiti.

Nyingine ya kuweka kichwani: maombi 200 kwa sekunde, kila moja inachukua robo sekunde, maana yake wakati wowote kuna maombi 50 yanashughulikiwa kwa pamoja. Hiyo ni kanuni ya Little, zidisha kasi kwa muda. Inakusaidia kujua uweke miunganisho mingapi ya databesi. Na kwa asilimia, 99.9 ya upatikanaji inakuruhusu kuzima kama saa 8 na dakika 45 kwa mwaka, 99.99 ni dakika 52 tu, kwaiyo usiahidi tisa nne kirahisi rahisi.

Maikrosevisi nijifunze lini?

Baadae. Maikrosevisi ni kuugawa mfumo kua huduma nyingi ndogo zinazojitegemea. James Lewis na Martin Fowler waliandika makala yao ya maikrosevisi 2014, watu wakaidaka, mwaka uliofuata Fowler huyo huyo akaandika kushauri uanze na monolithi (programu moja nzima) kwanza. Makala ya kwanza imesomwa na kila mtu, ya pili naona wengi waliiruka. Soma zote mbili siku moja, ziko wazi kwenye tovuti yake. Timu ya watu watatu yenye huduma kumi na tano ni mateso ya kujitakia, kila badiliko dogo linagusa ripo (hifadhi za kodi) nne na ukitafuta eror hujui uanzie logi ya nani.

Hivi visa vya mifumo kuanguka navipata wapi, na navisomaje?

Hapa ndo ningependa watu watumie muda wao mwingi, aisee. Kampuni kubwa zikianguka huwa zinaandika ripoti ya nini kilitokea dakika kwa dakika, na ripoti hizo ni bure, na zimeandikwa na watu waliokua wanatokwa jasho usiku ule.

Chukua ya GitHub ya Oktoba 2018. Walikua wanabadilisha kifaa cha mtandao, mawasiliano yakakatika sekunde 43. Sekunde arobaini na tatu tu, yakarudi. Lakini ndani ya muda huo mfumo unaochagua databesi kuu ulishaamua upande wa mashariki ya Marekani umekufa, ukahamishia uongozi magharibi, na mashariki kulikua na maandishi ambayo hayajafika magharibi. Sasa una pande mbili kila moja ina data ambayo mwenzie hana. Huwezi kurudi nyuma bila kupoteza kitu. Wakachagua kulinda data, na huduma ikayumba kwa saa 24 na dakika 11. Soma hiyo alafu rudi kwenye mhadhara wa replikesheni, uone kama maneno yale yale hayajabadilika uzito.

Ya GitLab ya tarehe 31 Januari 2017 nayo usiikose. Injinia alifuta folda ya databesi kwenye seva ambayo siyo, wakaenda kwenye bekapu wakakuta za pg_dump (programu ya kunakili databesi ya Postgres) hazipo, zilikua zinafeli kwa sababu toleo la programu halikulingana na la databesi, na barua pepe za kuonya zilikua zinakataliwa kwaiyo hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni snapshoti (nakala ya diski ilivyokua wakati huo) ya kama masaa sita nyuma.

Namna ya kusoma: simama pale wanaposema tatizo limeonekana, kabla ya kusoma walifanya nini, andika wewe ungefanya nini. Alafu endelea. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika. Ukitaka upande wa kuzuia sasa, Google wameweka vitabu vyao vya SRE (kazi ya kuweka mifumo iwe imara) mtandaoni usome bure, na Amazon wana Builders' Library, anza na makala ya Marc Brooker ya taimauti na kurudia maombi, inaeleza kwa nini wateja wote wakirudia kwa wakati mmoja wanaiua seva iliyokua inajaribu kuamka, na kwa nini unatakiwa uongeze kiasi kidogo cha kubahatisha kwenye muda wa kusubiri.

Pepa za kitaaluma zinatisha, nisome kweli?

Soma chache. Dynamo ya Amazon ya 2007 inasomeka vizuri, na ya Raft ya 2014 waandishi walikusudia kabisa ieleweke, ndo lengo lao walilolitaja. Soma utangulizi, angalia michoro, ruka vithibitisho, rudi mara ya pili. Kwa Raft fungua na ile animesheni ya The Secret Lives of Data, dakika chache tu umeona kiongozi anavyochaguliwa. CAP (data kulingana kila mahali, kila ombi kujibiwa, na kustahimili mtandao kukatika) kila mtu anaitaja kwenye usaili, Eric Brewer aliitoa 2000 na ikathibitishwa 2002 na Gilbert na Lynch, ila ukiambiwa "chagua mbili kati ya tatu" kua makini, mtandao kukatika huchagui, kunakuja kwenyewe. Swali ni ukikatika unakataa maombi au unajibu data ambayo huenda imepitwa.

Sina hela ya cloud na laptopu yangu ni dhaifu

Kwa ulichosoma hapo juu huhitaji cloud. Postgres inakimbia kwenye mashine ya kawaida kabisa, ukiwa na Docker (programu ya kuendesha programu nyingine zikiwa zimetengwa) unaweza kuwasha databesi mbili na kuikata mtandao moja yao ukiwa umekaa hapo hapo. Gossip Glomers, mazoezi ya Fly.io na Kyle Kingsbury, yanaiga mtandao mzima ndani ya kompyuta yako, zoezi la kwanza ni kurudisha ujumbe tu, mbele wanaanza kukata nodi (kompyuta moja moja za mtandao huo). Kuhusu bando, noti za PDF na makala ni nyepesi kuliko video, na video za mihadhara shusha kwa ubora wa chini, ubao unasomeka tu.

Nimuulize AI anifundishe?

Muulize, ila baada ya kujaribu. Ni mzuri wa kukosoa mchoro wako, mwambie "tafuta sehemu tatu mfumo huu utafelia" kisha ubishane nae. Akikupa namba, au akisema databesi flani inahakikisha jambo flani, nenda kwenye nyaraka rasmi ukathibitishe, au uangalie kama Jepsen (wanaopima kama databesi zinatimiza ahadi zake) wameipima hiyo databesi, maana ata nyaraka rasmi zenyewe Jepsen wamezikuta na ahadi hewa mara kadhaa.

Michoro nichore kwa mtindo gani?

C4 ya Simon Brown (mtindo wa kuchora mfumo kwa ngazi nne), ngazi mbili za juu zinatosha kwa kazi nyingi. Na kila ukifanya uamuzi mkubwa andika kifaili kifupi, hali ilikuaje, tumeamua nini, tunapoteza nini. Michael Nygard alipendekeza mtindo huo 2011 na bado hakuna kilichoushinda.

Vyeti vina maana?

Vya cloud vinaweza kukupitisha kwenye mchujo wa CV sehemu nyingine. Vya kozi za sistem dizaini zenyewe, sijaona vikimsaidia mtu. Ripo yenye ile pochi ya malipo, na README (faili la maelezo) inayoeleza ulivyoiua seva na nini kilitokea, itaulizwa maswali mengi zaidi kwenye usaili, na majibu yake utakua unayo.